Mfunze Mbwa Wako Mapema kwa Simu, Bila Kukatwa Pesa Usizojua

Mbwa wako anabweka usiku kucha? Anamrukia kila mgeni na kufukuza kila bodaboda inayopita getini? Wengi wetu huanza kutafuta msaada wakati jirani ameshalalamika. Lakini tabia hizi ni rahisi kuzuia kuliko kurekebisha, na simu iliyo mkononi mwako inaweza kusaidia.

Anza akiwa mdogo

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mtoto wa mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Akikaa muda huo wote amefungiwa kibandani, akikua anaweza kuona kila mgeni ni adui.

Programu kama Dogo na Puppr zina masomo mafupi ya hatua kwa hatua, pamoja na kitufe cha kutoa sauti ya "klik". Mwambie akae. Akikaa tu, bonyeza, halafu mpe kipande kidogo cha matumbo. Pole pole ataelewa kwamba sauti hiyo inamaanisha amefanya vizuri. Dakika 5 mara mbili kwa siku zinatosha. Usimchape: mbwa mwenye hofu ndiye huuma.

Simu haifanyi kila kitu

Mbwa anahitaji kuzoea watoto, wageni na kelele za pikipiki yeye mwenyewe, kidogo kidogo. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Na mbwa akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali mara moja. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Linda pesa zako

Programu nyingi za aina hii hukupa siku chache za kujaribu bure, kisha huanza kukata pesa zenyewe kila mwezi au kila mwaka. Kabla ya kukubali:

- Soma bei na tarehe ya makato ya kwanza, halafu weka kikumbusho kwenye simu.
- Anza na masomo ya bure. Ukiona unayatumia kila siku, hapo ndipo ulipie.
- Kama hutaki kuendelea, ghairi usajili wenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato! Kwenye Google Play, bonyeza picha ya wasifu wako, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua programu hiyo, kisha ughairi.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akidai ni mkufunzi wa mbwa au mfanyakazi wetu. Sisi hatutakuuliza PIN kamwe.

Mbwa aliyefunzwa vizuri analinda boma bila kuogofya mtaa. Anza leo, na dakika 5 tu.