Mtoto asiyeona na kazi ya biro

Mama, kama mtoto wako haoni, usimfiche nyumbani. Kwanza umpeleke kwa munganga wa macho, maana kuna upofu unaopona, kama ule wa mtoto wa jicho, na kukawia ni hatari. Kama macho hayaponi, masomo yangali yako.

Pengine utauliza: kipofu ataandika barua ya biro namna gani? Shika klaviye ya ordinatere. Juu ya herufi F na J kuna kialama kidogo kilichoinuka. Vidole vya shahada vinakaa pale, vingine vinajua nafasi zao. Hata anayeona, kama ni fundi wa kuandika, haangalii vidole.

Na kusoma? Iko programu inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa. Moja ni NVDA. Michael Curran wa Australia, asiyeona, aliianzisha mwaka 2006. Mwenzake James Teh naye haoni. Inatolewa bure. Inasema Kifaransa, hata Kiswahili (sauti ni ya mashine kweli, lakini sikio linazoea).

Shida ni hii: inasoma maneno. Kitufe chenye picha tu, bila jina, itasema «kitufe», basi, na mtoto hajui ni cha kufuta ao cha kuchunga. Wanaotengeneza programu ndio wanapaswa kuandika jina.

Huna ordinatere? Telefone nyingi za Android ziko na TalkBack. Mtoto akigusa mara moja, inataja jina la kitu; akigusa mara mbili, kinafunguka.