Majuu Hakuna "Daktari Nisort": Vile Utanunua Dawa Ukihamia Ujerumani

Mtaani story ya dawa ni rahisi. Kichwa kikiuma unashuka kwa chemist ya hapo chini ya ploti, unamwambia yule msee wa koti jeupe, "Daktari, nisort na za mafua." Anakukatia tembe kadhaa na makasi, anazitia kwa kibahasha kilichoandikwa 1x3, unatuma M-Pesa na kurudi kwa keja. Dawa inaitwaje? Hakuna aliyeuliza, na hata wewe hujui.

Sasa, tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa wafanyakazi kule Berlin Septemba 2024, wasee kibao wako kwa madarasa ya Kijerumani wakijipanga kuhama. Darasani unafunzwa kuagiza kahawa na kuuliza treni. Mambo ya dawa unakumbuka ukiwa tayari umelala chini, na kawaida huwa ni Jumapili.

Cha kwanza kitakachokushtua: hupati Paracetamol kwa supermarket. Hata zile duka kubwa kama dm na Rossmann, zenye vitamini, chai za kikohozi na sabuni za kila aina, hazina. Dawa za maumivu zinauzwa Apotheke peke yake. Tafuta alama ya A kubwa nyekundu yenye nyoka na bakuli. Ukishaiona mara moja, utaiona kila mahali.

Ndani ya Apotheke usiulize Panadol wala Mara Moja. Hayo ni majina ya biashara tu. Sema jina la dawa yenyewe: Paracetamol, Ibuprofen. Ukizoea Piriton ya mzio, yenyewe ni chlorphenamine, na kule kuna uwezekano mkubwa upewe Cetirizin au Loratadin. Ukiona pakiti imeandikwa ASS kwa herufi kubwa, tulia, hakuna anayekutusi. Ni kifupi cha jina la Kijerumani la ile dawa tunayoita aspirin. Kule Aspirin bado ni jina la kampuni ya Bayer, kwa hivyo wengine wanaiuza kama ASS.

Bila karatasi ya daktari utauziwa Paracetamol ya 500 hadi tembe 20 kwa pakiti, na Ibuprofen ya 400. Ukitaka ya 600, hiyo ni daktari kwanza.

Na hapa kwa majina ndipo watu huumia kweli. Umekunywa Paracetamol mbili asubuhi. Mchana rafiki wa hostel anakupea Grippostad C ya mafua. Usiku unaongeza WICK MediNait ulale vizuri. Unadhani umekunywa dawa tatu tofauti, kumbe zote zina Paracetamol ndani. Mtu mzima hafai kupita gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za 500. Ukizidisha unachoma ini, na ini halipigi kelele mapema. Unaweza kujiskia poa siku nzima na mambo tayari ni mabaya. Soma maandishi madogo nyuma ya pakiti, hata kama Kijerumani chako bado ni cha kubahatisha. Neno Paracetamol linaandikwa vile vile.

Antibiotics sahau. Amoxil, Flagyl ya tumbo, zote zinataka karatasi, wanaiita Rezept. (Hata Kenya sheria inataka hivyo, ni vile tu tumezoeana na chemist.) Tangu Januari 2024 Rezept hiyo kwa kawaida inasomwa kutoka kwa kadi yako ya bima, na dawa yenyewe unachangia kati ya euro 5 na 10. Betapyn nayo, ile mathe hukufungia kwa bag "in case," ina codeine. Kule dawa ya codeine ni ya daktari, na kama ndege inapitia nchi za Ghuba ndio usicheze kabisa, Emirates ziko strict na codeine. Iache nyumbani.

Jumapili maduka yamefungwa, lakini kila eneo huwa na Apotheke moja ya zamu, Notdienst. Piga 22833 na simu ya mkono uambiwe iko wapi. Utabonyeza kengele na kuhudumiwa kwa kadirisha kadogo mlangoni, na kuna ada ya euro 2.50 juu ya bei. Ukitaka ushauri wa daktari na si dharura, ni 116117. Dharura ni 112.

Sasa kuna homa moja ambayo hata hiyo Notdienst haitakusaidia. Umeenda home Desemba, umekula Krisi Kisumu au Kilifi, umerudi kwa baridi ya Januari. Wiki mbili baadaye mwili unatetemeka. Kila mtu kazini ana mafua, kwa hivyo unanunua Ibuprofen, homa inashuka, unarudi shift. Hiyo inaweza kuwa malaria. Mara nyingi ile kali hujitokeza ndani ya mwezi mmoja, lakini inaweza kungoja hadi miezi mitatu. Na usijidanganye eti wewe ni wa kutoka Siaya, umezoea. Kinga hiyo hupungua ukikaa mbali, na kama ulilelewa Nairobi, pengine hukuwahi kuwa nayo.

Daktari wa Ujerumani asiyejua ulikuwa wapi anaweza kuona mafua tu. Mwambie kabla hata hajaketi: "Ich war in Kenia," nilikuwa Kenya, kisha taja malaria. Atakupima damu siku hiyo hiyo. Ukipatikana nayo, usishangae ukipewa pakiti iliyoandikwa Riamet. Hiyo ni Coartem, ile ile, na jina la kule.