Mkate wa Nyumbani Wataka Moto wa Juu

Kuna kazi moja katika mji wa Dar es Salaam ambayo hufanywa kila siku kabla jua halijachomoza, na ambayo hatujapata kuiona katika orodha ya kazi ya ofisi yoyote. Kazi hiyo ni kuoka. Tandika, Mtoni, Mbagala, Mwananyamala na Tandale, na hata Chamazi na Bunju ambako mji ungali wajisogeza mashambani, akina mama huamka saa kumi za usiku, hufunua bakuli la unga uliolala na hamira, na kuwasha jiko wakati watoto wangali usingizini. Leo twapenda kusema machache juu ya kazi hiyo, kwa sababu Serikali imo mbioni kuubadili moto wa jikoni, nasi twahofu kwamba mama huyu hajaulizwa neno.

Jambo lenyewe lilianzia nyumbani kwetu, Temeke. Mwenzetu wa nyumbani alipata kitabu cha mapishi, kizuri, chenye picha za rangi, akaazimia kuwaokea watoto keki na mikate badala ya kununua. Watoto wetu ni watatu. Mkubwa ana miaka sita, na mdogo ndiyo kwanza ashike kuta atembee. Kitabu kilisema: pima gramu 250 za unga na gramu 125 za siagi, washa oveni ifike nyuzi 180, oka kwa dakika 40 wala usifungue mlango. Nyumbani kwetu hamna mizani wala oveni, na mlango uliopo ni ule wa chumba, ambao mtoto wetu mdogo amekwisha jua kuusukuma.

Keki ya kwanza iliungua chini, ikawa maji juu. Watoto waliila yote, maana mtoto hana kiburi cha mpishi. Lakini aliyeipika alikifunga kitabu kwa huzuni, akadhani kosa ni lake.

Jirani yetu ni bibi mmoja mzaliwa wa Pemba, ambaye amekaa Temeke miaka mingi kuliko umri wetu. Mwenzetu alimwendea, akamwamkia shikamoo, akamweleza mkasa wake.

"Bibi, kitabu chasema nyuzi 180."

"Mwanangu," bibi akajibu, "moto hausomi kitabu. Ulipalia?"

Hapo ndipo tulipojifunza ambalo kitabu hakikulisema. Kuoka kwa mkaa ni kupalia: makaa machache chini ya sufuria, na makaa mengi juu ya mfuniko. Atakaye keki isiungue huchukua sufuria kubwa, hutandaza mchanga mkavu ndani yake, huiweka sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga ule, hufunika, kisha hupalia. Mchanga hupoza ukali wa moto wa chini, na moto wa juu huivisha uso. Ajuaye hupitisha kiganja karibu na mfuniko, akahesabu, akajua kama moto umezidi au umepungua. Ama vipimo, bibi alitumia bilauri na kibaba. Vibaba 2 ni kisaga, na vibaba 4 ni pishi. Hesabu hiyo mama zetu waliijua kabla ya mizani kuingia madukani. Waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa na kibaba chenyewe mkononi.

Bibi alimfundisha pia mkate wa kumimina. Mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui zito la nazi, hutiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke; kisha humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto, ukapaliwa juu na chini. Hauna ngano hata chembe. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakatucheka kwa kuligeuza habari jambo ambalo kwao ni la kila Ramadhani. Nao wana haki, kwani wao ndio waalimu. Mkate wa ufuta wa Unguja hushikizwa katika chuma cha kukaangia, kisha chuma hicho hupinduliwa ili uso wenye ufuta uyatazame makaa. Mkate wa mofa hubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, joto likauzunguka. Njia hizi ni mbalimbali, lakini maarifa ni mamoja: mkate hauivi kwa moto wa chini pekee.

Twayasema haya kwa sababu nchi yetu imewahi kuyapuuza maarifa ya aina hii, ikalipa gharama. Katika miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Usagishaji lilijengewa mjini Dar es Salaam, kwa fedha za Kanada, kiwanda cha mkate kinachojiendesha kwa mitambo. Mchumi Andrew Coulson alikichambua kiwanda hicho katika makala iliyomo ndani ya kitabu alichokihariri na kilichotoka mwaka 1979. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: matanuri madogo yangegharimu fedha kidogo za kigeni na yangewapa kazi watu wengi zaidi. Wakati huohuo, kwa msaada wa Kanada hiyohiyo, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu, wilayani Hanang, na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza malisho yao. Mkate ule mweupe wa mjini ulikuwa na historia ndefu kuliko iliyoandikwa katika karatasi yake.

Ajabu ni kwamba njia nyingine tulikuwa nayo mkononi. Mwaka 1973 ndipo lilipoundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na mwaka huohuo ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ukaja mpango wa Chakula ni Uhai. Wananchi walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili, kisha wakajadiliana. Hapo kitabu hakikumdharau msomaji wake. Kilimkuta alipo, kikamwuliza ana nini na ajua nini.

Kisha zikaja shida. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, ukame, na uhaba wa fedha za kigeni viliyafanya maduka kuwa matupu. Sisi tulikuwa watoto wadogo wa chuoni katika miaka ya 1980, na tunachokikumbuka zaidi ni harufu. Tulikuwa tukirudi kutoka kwa mwalimu, ubao kwapani, harufu ya vitumbua vya mama ikatulaki kabla ya kuiona nyumba. Unga wa ngano ukikosekana, mama alichanganya na wa muhogo. Sukari ikikosekana, alipunguza akaongeza iliki. Mshahara wa baba haukufika katikati ya mwezi. Nusu ya pili ya mwezi tulilishwa na sinia la mama.

Msomi wa Kimarekani, Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni katika miaka hiyo, aliandika kitabu kuonyesha jinsi kazi hizo ndogondogo zilivyozishika nyumba za wafanyakazi zisianguke. Walakini Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, iliyokusudiwa kumfanya kila mwenye uwezo afanye kazi, iliwakumba pia wachuuzi wadogo, kana kwamba aliyeamka saa kumi za usiku ni mvivu. Sisi tulio ndani ya Chama hatuoni haya kuyasema hayo. Chama kilichozaliwa na wananchi hakina budi kusoma makosa yake kama kisomavyo ushindi wake. Na akina mama wa Dar es Salaam walioijaza TANU katika miaka ya 1950 wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, wengi wao waliishi kwa biashara za namna hii.

Sasa tuje kwenye jambo la leo. Mwezi wa Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Twauunga mkono mkakati huo bila kusita. Mkaa unakula misitu ya Pwani na Morogoro, na moshi unakula vifua vya mama na watoto. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeutetea moshi.

Lakini mtungi mdogo wa gesi anaogawiwa mama wa Mbagala una kichwa kimoja, na moto wake hutoka chini tu. Wachemsha chai, wapika ugali, wakaanga maandazi, yote vizuri kabisa. Mkate wa kumimina ukiwekwa juu yake huiva chini, na uso hubaki mweupe na mbichi. Basi mama hufanya nini? Hutumia gesi kwa chai, na kwa mkate hurudi kwenye gunia la mkaa. Ofisini ataandikwa kuwa amekwisha hama. Uani kwake makaa yangali yawaka. Oveni ya umeme ingefaa, lakini yenye nguvu ya wati 1,500 hula uniti moja na nusu kwa kila saa inayowaka mfululizo, licha ya bei ya kuinunua. Anayeuza mkate vipande vipande huhesabu kwanza kabla ya kugusa swichi.

Tena kuna watoto, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Anayeoka nyumbani aghalabu ndiye anayelea, na jiko la mkaa li chini, kimo sawa na mtoto anayejifunza kutembea. Mfuniko wenye makaa humvutia mtoto kama taa imvutiavyo nondo. Mwenzetu amejifunza kuoka mchana watoto wanapolala, na kuliinua jiko juu ya matofali yaliyojengwa imara. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hata mvua ikinyesha, kwani hewa yake ya sumu huua bila harufu. Na mtoto akiungua, asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala yai. Amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, yasiyo ya barafu, kisha apelekwe zahanati. Kitabu chetu chenye picha za rangi hakikuwa na ukurasa juu ya hayo, kwa sababu aliyekiandika alimdhania msomaji wake kuwa na jiko lenye mlango.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu kwa wenye dhamana, Bara na Visiwani.

Kwanza, jiko lolote litakalogawiwa wananchi lijaribiwe kwa mkate, si kwa chai peke yake. SIDO na vyuo vya VETA vinao mafundi wanaoweza kutengeneza oveni ya bati ya kuweka juu ya moto wa gesi, ambayo ndani yake hewa ya moto huzunguka ikafika juu. Ufundi huo hauhitaji mtambo kutoka ng'ambo.

Pili, Taasisi ya Chakula na Lishe, kwa kushirikiana na wenzao wa Zanzibar, iandae kitabu cha mapishi cha Kiswahili chenye vipimo vya bilauri na kibaba, chenye kupalia na kuoka kwa gesi, chenye mchele, muhogo, mtama na nazi. Bei ya ngano hatuishiki sisi. Sehemu kubwa ya ngano tunayoila hutoka ng'ambo, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza kupamba moto Februari 2022 vilitukumbusha hivyo. Waandishi wa kitabu hicho wawe akina bibi kama jirani yetu, na wataalamu wawe makarani wao.

Tatu, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 katika hizo ni ya wanawake. Waokaji wa nyumbani wafuatwe mitaani, wasaidiwe kuunda vikundi, na mikopo hiyo iende pamoja na mahali pa kuwaacha watoto. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaendeleza. Sheria tunazo; mitaa mingi ya pembezoni bado yasubiri vituo.

Juzi bibi alikuja nyumbani akamkuta mwenzetu amekifungua tena kile kitabu. Pembeni mwa kila ukurasa ameandika kwa kalamu: bilauri ngapi, makaa mangapi juu, mangapi chini. Bibi hasomi herufi za Kirumi, lakini aliomba asomewe. Aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka kitabuni, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo sawa. Sasa andika na ya gesi."

Sisi hatuijui ya gesi. Twaiuliza Serikali.