Oda za nje ya soko la intaneti: Hesabu kabla ya kukubali

WENYE maduka ya fulana na vikombe katika masoko ya intaneti hupata ombi la aina moja mara kwa mara. Mteja amependa mchoro, lakini badala ya kulipa pale pale anaandika kwamba anataka fulana 25 za mkutano wa ukoo, wafanye biashara moja kwa moja nje ya soko, naye apunguziwe bei. Ombi hilo linavutia, kwani oda moja kama hiyo yaweza kupita mauzo ya mwezi mzima.

Katika biashara hii ya kuchapa kwa oda, muuzaji haweki mzigo ghalani. Huonyesha mchoro sokoni, na mteja akilipa ndipo kiwanda kinachapa na kutuma. Redbubble, lililoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 2006, ni soko linalosimamia uchapaji lenyewe na kumlipa msanii nyongeza yake juu ya bei ya msingi. Etsy, lililoanzishwa New York mwaka 2005, humwachia mwenye duka atafute kiwanda chake, kama vile Printful.

Makato ya Etsy ni senti 20 za Dola kwa kuorodhesha bidhaa, na asilimia 6.5 ya bei pamoja na usafirishaji. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 5 hadi Aprili 2022. Kwa muuzaji wa Marekani, huduma ya malipo hukata tena asilimia 3 na senti 25.

Tuchukue fulana 25 kwa Dola 20 kila moja, yaani Dola 500, zikiorodheshwa kama bidhaa moja, bila kuhesabu usafirishaji. Soko litachukua Dola 32.70 na huduma ya malipo Dola 15.25. Jumla ni Dola 47.95. Muuzaji akitoka nje haokoi zote, kwa sababu wanaopokea malipo ya kadi nao hukata chao. Wakikata kiasi kile kile, anaokoa Dola 32.70. Akimpunguzia mteja asilimia 5 tu, faida ya kutoka nje inashuka hadi takriban Dola 8.

Kwa Dola 8 hizo anahatarisha duka zima. Kanuni za Etsy zinakataza kumchukua mteja aliyekukuta sokoni na kumalizana naye nje ili kukwepa ada, sawa na kumzunguka dalali aliyekuletea mnunuzi. Duka likifungiwa, sifa zilizoandikwa na wateja kwa miaka mingi hupotea nalo.

Njia salama ni kumwekea mteja huyo oda maalumu ndani ya soko, yenye bei ya jumla mliyokubaliana. Kupunguza bei hakukatazwi.

Mteja aliyekuja kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia jamaa au tovuti yako mwenyewe, ni wako. Hata msanii wa Redbubble hubaki na hakimiliki ya mchoro wake, hivyo anaweza kuupeleka kiwanda kingine. Lakini hapo dhamana yote ni yake. Printful hufidia makosa yake ya uchapaji yakiripotiwa ndani ya siku 30 tangu mzigo ufike. Saizi iliyoagizwa vibaya ni hasara ya muuzaji. Kwa hiyo pata orodha ya saizi kwa maandishi, mteja aidhinishe mchoro na sampuli moja, na fedha zote ziingie kabla kiwanda hakijalipwa.

Mambo mawili yakufanye usite. La kwanza ni mteja anayetuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, kisha anaomba umrudishie kinachozidi. Hundi ya namna hiyo hukataliwa na benki siku kadhaa baadaye, wakati fedha zako zimekwisha kuondoka. La pili ni anayetaka nembo ya timu au katuni maarufu. Mwenye hakimiliki akidai, atakayejibu ni aliyechapisha na kuuza, hata kama wazo lilikuwa la mteja.

Muuzaji mwenye maombi mengi ya oda kubwa afungue tovuti yake na kuitangaza kwa fedha zake. Wateja watakaofika huko anaweza kuwauzia bila kulipa ada ya soko.