Ganda la risasi si chupa ya soda

Ukipita Ruaha Mbuyuni ndani ya basi la Mbeya, utakachokiona ni vitunguu. Vimepangwa mafungu, vimening'inizwa, vinainuliwa hadi dirishani kwako kabla dereva hajazima injini. Lakini nyuma ya vibanda, kwenye vivuli vya mibuyu, stori zinazopigwa ni nyingine kabisa, na mojawapo ndiyo imenifanya nishike kalamu wiki hii.

Kijana mmoja muuza vitunguu alikuwa amesimuliwa na dereva wa lori la Tunduma kwamba huko Afrika Kusini mtu akishafyatua risasi haliachi ganda porini. Analiokota, analipeleka nyumbani, analijaza upya, kisha huyoo anarudi nalo kuwinda. Kama chupa ya soda! "Sasa bradha," kijana akaniuliza, "kama babu zetu walishindilia gobore wenyewe, mimi nashindwaje kujifunza kujaza hizi za raifo? Nguruwe wanatumaliza mashambani."

Dereva hakumdanganya. Afrika Kusini mwenye leseni anaruhusiwa kujaza risasi za bunduki yake mwenyewe, na Marekani hiyo ni starehe ya watu wazima kama lilivyo bao kwetu. Kampuni moja iliyoanzia kule California, RCBS, imekuwa ikiuza zana za kazi hiyo tangu mwaka 1943. (Jina lake ni kifupi cha kifaa cha kutengenezea vichwa vya risasi za kumwindia mnyama mdogo wa mashimoni. Wazungu nao wana vituko vyao.) Wanajaza ili kuokoa pesa, na wengine kwa sababu risasi iliyopimwa kwa uangalifu kwa ajili ya bunduki moja hulenga vizuri zaidi kuliko ya dukani.

Tatizo liko kwenye hiyo "kama babu zetu".

Gobore unalilisha kwa mdomo. Baruti, kitambaa, gololi au marisau, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, basi. Mkono ukizidisha kidogo, bunduki inakupiga teke zaidi, bega linauma siku mbili, unasimulia kijiweni. Bunduki zilizokuja baadaye, zinazolishwa kwa nyuma, wazee wetu waliziita bunduki za viasi, na risasi nzima pamoja na ganda lake ikaitwa kiasi. Mimi nalipenda neno hilo kuliko "risasi", maana limebeba siri yote. Ndani ya ganda kuna kipimo, na kipimo kile si cha kukisia kiganjani.

Wahehe walilijua hilo mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kando ya barabara hii hii ukishapanda Kitonga kuelekea Iringa mjini, watu wa Mkwawa waliwafyeka Wajerumani wa Zelewski na kuteka bunduki zinazokadiriwa kufikia 300. Ushindi mtamu! Lakini gobore hula baruti yoyote inayoletwa na wafanyabiashara, wakati bunduki ya viasi ikiishiwa viasi vyake inageuka rungu.

Nilimtafuta mzee mmoja aliyetumikia makampuni ya uwindaji kwa miaka mingi, mwenye bunduki halali na leseni yake. "Kamwene, mzee." "Kamwene, mwanangu, karibu." Nikamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakohoa. Aliwahi kuwaongoza wageni waliokuja na risasi walizojaza wenyewe, na jioni kambini walikuwa wakimwonyesha picha za meza zao za kazi.

Kwanza, alisema, ganda linaoshwa na kukaguliwa moja moja. Shaba ikifyatuliwa inavimba na kuvutika, na baada ya mara kadhaa inaanza kupasuka karibu na kitako, ufa mwembamba kama unywele. Hilo linatupwa, hata kama linang'aa kama dhahabu. Zima linaingizwa kwenye kalibu, kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani, ili lirudi kwenye umbo lake. Fataki iliyokufa inatolewa, mpya inawekwa. Kisha inakuja baruti, inayopimwa kwa mizani kama ya sonara, kufuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti ile ile na kuanzia kipimo cha chini kabisa. Mwisho kichwa kinakandamizwa mahali pake. "Na hakuna redio, hakuna soga, hakuna bia," mzee akasema. "Wale walikuwa wanafunga mlango hata watoto wao wasiingie."

Baruti hiyo hupimwa kwa punje, na gramu moja ina punje 15 na ushee. Punje chache tu zikizidi, umevuka mstari. Unajua mstari wenyewe uko wapi? Chukua tairi la lori. Watu wa Mbuyuni wanajua tairi likipasuka kwenye joto la bonde lile linavyolia, vipande vinaruka mpaka porini, na abiria wanaamka wakitaja majina ya watakatifu wote. Tairi lile lina upepo wa pauni 120 hivi kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya raifo kubwa ya kuwindia nyati, kama ile .375, mgandamizo unafika kwenye pauni 60,000. Mara 500 ya tairi, sentimita chache tu kutoka kwenye shavu lako!

Halafu kuna joto lenyewe. Baruti ikipata moto kabla ya kufyatuliwa huongeza mgandamizo, ndiyo maana viwanda vya Uingereza zamani viliuza risasi maalum za nchi za joto, zilizopunguzwa nguvu. Mtu aliyejaza risasi zake kwenye baridi ya Mafinga, akaziacha juu ya dashibodi mchana wa Mbuyuni, hana tena risasi zile zile alizopima.

Jambo lililomfanya mzee aache kucheka ni lingine. Baruti nyeusi ya gobore na baruti isiyo na moshi, ile aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, si ndugu hata kidogo. Kuna vijana wanaofungua risasi ya raifo na kumwaga baruti yake ndani ya gobore, wakidhani wamepata dili. Gobore lenyewe mara nyingi ni bomba lililookotwa gereji. Jamani! Hapo mtu amejitengenezea bomu na kuliegemeza begani mwake mwenyewe. Bomba linafunguka kama ganda la ndizi, na vidole havina spea.

Hata kuzidisha dozi si hadithi mpya. Ruaha Mkuu, mto huu huu unaomwagilia vitunguu, unakwenda kuungana na Rufiji, na kule Beho Beho ndiko alikozikwa Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Januari 1917. Ujanani, huko kusini mwa Afrika, alitumia bunduki nene za kushindilia akichota baruti mfukoni kwa kiganja. Siku moja bunduki ikagoma mbele ya tembo. Msaidizi wake akaishindilia tena juu ya dozi ya kwanza, na Selous akafyatua. Alirushwa chini kifudifudi na kitako kikapasuka. Alipona. Leo kosa hilo hilo, ganda moja kujazwa mara mbili kwa sababu mtu alipigiwa simu katikati ya kazi, ndilo linaloogopwa kuliko yote na wajazaji wa Ulaya na Marekani.

Sasa nisikilize, maana hapa hakuna mzaha. Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, na "nilikuwa najaribu tu" haitakusaidia mbele ya hakimu. Mwenye bunduki halali ananunua risasi kwenye duka lenye kibali, leseni mkononi. Za jeshi zina wenyewe, Shirika la Mzinga kule Morogoro, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi. Nguruwe wa shambani wapelekee taarifa ofisi ya kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya. Najua watachelewa, najua utanung'unika, lakini vitunguu utapanda tena msimu ujao.

Na ukikuta kwenye sanduku la marehemu babu viasi vya zamani vyenye kutu ya kijani, usivigonge, usivitupe motoni, usimpe mtoto achezee. Viache pale pale, funga chumba, uwaite polisi waje wavichukue.