Kiongozi wa Teknolojia: Kuajiri, Kukodi au Kulea?

Bodi inapoamua kampuni nzima ihamie kwenye mfumo mpya, kinachojadiliwa kwanza ni bei ya mfumo. Nani ataongoza kazi yenyewe huulizwa baadaye, mafundi wakiwa wameshaanza kutandaza nyaya. Mkurugenzi mwenye sacco, hospitali au duka la jumla la wafanyakazi 200 hivi, namsihi apige hesabu hii kabla hajatia saini popote.

Njia ziko tatu: kumwajiri mtu aliyeivia kwingine, kuwakodi washauri, au kumlea uliye naye.

Kuajiri kunaokoa muda. Ila juu ya mshahara weka ada ya wakala anayemtafuta, marupurupu, na miezi atakayotumia kujifunza kwa nini tawi lako la Tanga linafunga hesabu tofauti na makao makuu. Benki au kampuni ya simu ikimwita katikati ya kazi, unaanza upya.

Kukodi ndiko kunakovutia zaidi, kwa kuwa mkataba una tarehe ya mwisho na bei inajulikana. Hapa ningependa usome yaliyoipata benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha taarifa za wateja milioni 5.2 kwenye mfumo mpya uliojengwa na kampuni dada, chini ya mmiliki wao wa Hispania. Wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mkasa huo uliigharimu benki pauni milioni 330 mwaka huo, mkurugenzi mkuu akaondoka Septemba, na mwaka 2022 ikaja faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa teknolojia naye alitozwa pauni 81,620 kutoka mfukoni mwake, kwa sababu hakuhakikisha ipasavyo kwamba mjenzi wa mfumo yuko tayari. Wataalamu walikuwepo tele. Aliyekosekana ni mtu wa ndani wa kuwaambia: nionyesheni ushahidi, la sivyo hatuhami. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo.

Kulea, watu hudhani ni ghali. Tazama bei. Mtihani wa kwanza wa AWS ya Amazon, kuhusu kompyuta za kukodi mtandaoni, ni dola 100. Unaofuata, wa usanifu wa mifumo, ni dola 150. Mtihani wa CISM wa usimamizi wa usalama wa taarifa ni dola 575 kwa mwanachama wa ISACA, chama kinachoutoa, na 760 kwa asiye mwanachama. Masomo mengi ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani yako mtandaoni bure. Mwajiri wa Kenya tayari anailipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa hesabu ya shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka kwa watu 200, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.

Gharama halisi ya kulea ni muda. Siku moja ya masomo kila wiki ni sehemu ya tano ya mshahara wa unayemlea, na lazima awepo wa kushika nafasi yake siku hiyo. Kisha mpe mradi mdogo wenye bajeti yake, aketi kwenye vikao vya bodi, akae kaunta mwezi mzima akiwasikiliza wateja. Hili la kaunta nalisisitiza. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kulipia mikopo midogo; watu wakaitumia kutumiana fedha. Walioisimamia waliliona hilo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi hiyo. Jicho la namna hiyo halipatikani kwa cheti.

Je, akihama baada ya kusomeshwa? Andikianeni mkataba: abaki miaka miwili, na deni la masomo lipungue kila mwezi anaofanya kazi. Usimzuilie vyeti vyake. Huo ni uonevu, na wenzake watakuwa wanatazama.

Benki ya DBS ya Singapore iliwahi kutegemea watu wa nje kwa takriban asilimia 85 ya kazi zake za teknolojia, kisha ikageuza uwiano huo ukawa wa watu wa ndani. Hata hivyo, mwaka 2023 huduma zake zilikatika mara kadhaa, na mdhibiti wa mabenki wa nchi hiyo akaisimamisha kwa miezi 6 isifanye mabadiliko ya mifumo yasiyo ya lazima. Kulea hakuondoi ajali.

Bado ndiyo njia ningeichagua. Lea wawili, si mmoja. Mshauri mkodi kwa miezi michache, na mkataba umtake awafundishe hao wawili na kuwakabidhi nyaraka zote kabla ya malipo ya mwisho. Ajiri kutoka nje pale tu ambapo mfumo lazima ubadilike ndani ya mwaka na hamna hata mmoja wa kuanzia. Na kama mwaka huu una fedha za jambo moja tu, nunua ile siku moja ya wiki.