Makombe Mawili Chini ya Mlima Masaba

Msafiri atokaye Busia kwa njia ya Tororo huuona mlima kabla hajauona mji. Akisha kuupita mwamba wa Tororo, uliosimama peke yake katika tambarare kama kichuguu kikubwa, barabara huelekea kaskazini, na mkono wa kulia huanza kuinuka Masaba, mlima ambao ramani nyingi huuita Elgon. Kilele chake cha Wagagai hufikia mita 4,321. Chini ya ukingo wake uitwao Wanale, ambako wakati wa masika maji huporomoka gengeni kama nyuzi nyeupe, ndipo ulipo mji wa Mbale, na humo ndimo ilimo klabu ya kandanda ya Mbale Heroes, yaani Mashujaa wa Mbale.

Klabu hii imelitwaa Kombe la Uganda mara mbili: mwaka 1976, ilipokuwa ikiitwa Gangama United, na mwaka 1999 kwa jina lake la sasa. Ubingwa wa ligi kuu haijapata kuuonja. Mtu asiyeujua mji huo aweza kudhani kuwa hilo ni jambo la bahati, lakini sivyo. Kombe na ligi ni mashindano ya namna mbili tofauti, na tofauti yake kubwa haipo uwanjani, ipo katika mfuko.

Kombe lenyewe lina kisa chake. Tangu lilipoanzishwa mwaka 1971 wapenzi wa mpira wamelizoea kwa jina la Kombe la Kakungulu, na wageni wafikao Mbale hudhani kuwa jina hilo latokana na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeujenga mji huo mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki mwaka 1928. La hasha. Kakungulu wa kombe ni Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Uganda na mlezi wa michezo. Hata hivyo mtu wa Mbale hawezi kulaumiwa akiona kuwa kombe lenye jina hilo lilistahili kufika kwao.

Na lilifika katika mwaka wa ajabu. Mwezi Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni huko Brazil, na mwaka uliofuata bei ya kahawa ulimwenguni ikapanda kuliko ilivyotazamiwa na mtu yeyote. Wagisu, ambao hujiita pia Wamasaba, ni wakulima wa kahawa aina ya arabika, na tangu mwaka 1954 walikuwa na chama chao cha ushirika, Bugisu Cooperative Union. Lakini chini ya utawala wa Idi Amin kahawa yote ya Uganda iliuzwa kupitia Bodi ya Kahawa ya serikali, na shilingi aliyolipwa mkulima ilikuwa imekwisha nguvu. Sukari, chumvi na sabuni vilikuwa adimu madukani. Basi kahawa ikapanda mlima. Usiku kwa usiku magunia yalivushwa kwa punda na kwa vichwa vya watu hadi upande wa Kenya, katika soko la Chepkube, ambalo jina lake likageuka kuwa neno la biashara hiyo yenyewe. Mwaka huo huo wa 1976 ulikuwa pia mwaka wa imbalu, jando la Wagisu lifanywalo katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Hivyo kombe liliukuta mji katika njaa ya bidhaa na shamrashamra za ngoma kwa pamoja. Wazee wapendao kusema kuwa imbalu ndiyo iliyoleta ushindi wakumbushwe tu kwamba mwaka 1999 haukuwa mwaka wa jando.

Tukirudi kwenye mfuko, yafaa kutazama ni nani walioshindana na Mbale tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968. Bingwa wa kwanza alikuwa Prisons, timu ya askari magereza. Mwaka 1970 ilikuwa zamu ya Coffee, timu ya Bodi ya Kahawa. Mwaka 1971 ikaja Simba, si ile ya Msimbazi, bali timu ya jeshi la Uganda, ambayo mwaka 1972 ilifika fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika. KCC ilizaliwa mwaka 1963 miongoni mwa wafanyakazi wa idara ya maji machafu ya Halmashauri ya Jiji la Kampala. Karibu kila timu ilikuwa na ofisi nyuma yake, na ofisi ina lori, ina hazina, na zaidi ya yote ina ajira. Kijana hodari aliahidiwa kucheza, na pia kupewa kazi yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, na kesho goti likivunjika kazi ilibaki. Ni mama gani angemzuia mwanawe asiende?

Jambo la Coffee lina uchungu wa peke yake. Sehemu ya kahawa iliyopita katika mikono ya bodi hiyo ilichumwa katika miteremko ya Masaba. Mkulima wa Bugisu, akiwa na jembe mkononi na mwana asiye na viatu vya mpira, alikuwa akichangia, bila kuulizwa, timu ya mji mkuu iliyokuja kumfunga mwanawe.

Mashindano ya kombe hayadai mengi. Ni mechi chache, na mji mzima waweza kujikaza kwa ajili ya siku chache: mwenye duka akatoa nauli, mwenye hoteli akatoa chakula, vijana wakacheza kwa ajili ya majirani wawatazamao. Ligi huchukua miezi. Kila baada ya muda timu yapaswa kusafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda Kampala, kulala, kula, na kurudi, imeshinda au imeshindwa. Mchezaji mwenye mke na watoto hawezi kuwapikia makofi ya washabiki. Mwezi wa tatu bila posho hata malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, ambayo ni fahari ya meza ya Kigisu, huanza kuonekana kama chakula cha matajiri. Ndiyo maana klabu imepanda na kushuka madaraja, na kukaa miaka mingi nje ya ligi kuu.

Watanzania wanalifahamu jambo hili. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu kutoka chini ya Mlima Rungwe, iliwashangaza wote kwa kuutwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Baadaye baadhi ya wachezaji wake wakachukuliwa na klabu za Dar es Salaam, na ubingwa haukurudi tena Tukuyu. Ng'ambo ya pili ya Masaba, nchini Kenya, wamejaribu njia nyingine. Wabukusu, ndugu wa Wagisu kwa lugha na kwa jando, wamo katika jamii kubwa ya Waluhya, ambayo mwaka 1964 iliunda klabu ya Abaluhya huko Nairobi. Watu waliokuwa mbali na kwao waliikumbatia klabu hiyo kama chama cha nyumbani, na mwaka 1980, ilipobidi kuacha jina la kabila, ikaitwa AFC Leopards. Klabu hiyo imelitwaa Kombe la Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati mara tano. Bungoma nao walipata Nzoia Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ambayo uhai wake hufuata uhai wa kiwanda.

Hata wakimbiaji, waliolipatia eneo hili la mlima sifa kuu duniani, hawakufika walikofika kwa mapafu peke yake. Stephen Kiprotich, aliyeshinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012, alikuwa mtumishi wa Idara ya Magereza. Joshua Cheptegei, mzaliwa wa Kapchorwa aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2020 na kupata dhahabu ya mbio hizo Paris mwaka 2024, ni wa polisi. Mkimbiaji mmoja hutosheka na njia ya mlimani na mshahara mmoja. Timu ya mpira ina midomo 11 uwanjani, na mingine benchi.

Mbale ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na wengi walitumaini kuwa jiji lingekuwa na mkono mrefu kuliko manispaa. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba na njia. Halmashauri yenye kingo za mito za kujenga upya haiwezi kulaumiwa sana ikichelewa kufikiria viatu vya mpira. Na washabiki nao wana la kujibu: Jumamosi jioni vibanda vya televisheni hujaa watu waliovaa jezi za Arsenal na Manchester United, na kiingilio wanacholipa humo kingetosha kuwalipia uwanjani kwao.

Lakini katika miteremko ya juu ya mji watoto wanaendelea kucheza katika vijiwanja vilivyoinama. Timu ishambuliayo kuelekea chini hufunga kwa urahisi, kwa hiyo ni lazima kubadilishana magoli nusu ya mchezo. Na mpira ukipita golini, mdogo kuliko wote ndiye atumwaye kuufuata bondeni, na wengine husimama wakimngoja apande nao.